Nilimwambia Baba tunaenda ushauri, akakimbilia Vurra

Wakuu, heshima zenu. Hii ni ya nyumbani kwetu kabisa. Chumvi sijaongeza, kama kuna kilichopungua, ni kwa sababu mengine bado naona aibu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tumerudi Kuluba, kule Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, baada ya kuishi ukimbizini Congo. Baba alikuwa jeshini zamani, mpishi.

Narudia, mpishi.

Lakini vita ilimkuta hukohuko jikoni. Lori likipiga mshindo barabarani, alilala chini na kutuamuru sote tulale. Mdogo wangu aliangusha sufuria, akapigwa vibaya. Halafu Baba akakaa siku tatu hasemi.

Waganga walikula kuku wetu wote. Mama akaniambia wazi: mavuno yakifika hali ikiwa hivi, anachukua wadogo zangu anarudi kwao.

Ndipo shangazi akanielekeza kwa Mama Ayikoru, nesi mstaafu wa Manibe, nje kidogo ya Arua. Kila Alhamisi familia zilikaa uani kwake kuongea yanayowasumbua. Siku hizi mnaita counselling. Bure kabisa. Kila mtu anakuja na ukuni mmoja wa kuchemshia chai, basi.

Nilienda, nikaona, nikarudi na furaha. Sasa mimi na Kiswahili changu cha vitabu: "Baba, Alhamisi tunaenda ushauri Arua."

 Akasema, "Sawa."

Nikajisifu moyoni. Mjinga mimi!

Tulidandia lori la muhogo la mjomba. Kufika Arua, Baba akasema anakwenda haja. Hakurudi.

Nilizunguka soko zima mpaka muuza vitunguu mmoja, mama wa Congo, akaniambia, "Ule muzee wa kofia? Amepanda lori ya Vurra."

Vurra ni mpakani mwa Congo.  Baba alikuwa anatukimbia.

Nikadandia lori lililofuata, nikamkuta karibu na forodha, amekaa juu ya gunia la mtu, analia.

"Mutoto yangu, mimi nilikuwa napika tu. Sasa kwa nini unanipeleka shauri?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Kwa askari wa zamani, shauri ni kesi. Unaitwa shauri, unavua mkanda, unafungwa. Alidhani binti yake amemuuza.

"Baba, si shauri. Ni ushauri."

"Iko tofauti gani?"

 Nikasema lililonijia: "Ni chai, Baba. Watu wanaleta kuni, wanachemsha chai, wanaongea."

Akafuta machozi. "Nani anachemsha?"

"Yeyote."

"Yeyote?" Akasimama, akakung'uta suruali. "Hawa wanaharibu chai."

Tulifika Manibe tumechelewa. Baba alikwenda moja kwa moja motoni. Mama Ayikoru ana akili yule: hakumwita akae na wenzake. Alichukua kiti chake akakisogeza jikoni.

Alhamisi ya nne, mama yangu naye akiwepo, Baba alianza kusema huku anachochea moto. Alitaja wenzake aliowapikia asubuhi, jioni hawakurudi kula. Mama alilia, mimi nililia, chai ikafurika na hakuna aliyejali.

Hakupona siku moja. Malori yaliendelea kumshtua. Lakini mkono wake haukumgusa tena mtoto, na mavuno yalipofika, Mama alikuwa nyumbani anaanika mtama.

Somo langu: msaada unaweza kuwa wa bure na karibu, ukaupoteza kwa neno moja tu. Mzee wako akikataa, kabla hujamwita mkaidi, muulize amesikia nini.

Baadaye nilimsikia Baba akimwambia askari mwenzake, aliyekuwa anajifungia ndani wiki nzima:

"Twende shauri. Hii moja hawafungi mutu. Lakini leta kuni iko kavu."

Haya, nanyi mlimpelekaje mtu wenu? Karibuni motoni.