Sauti ya Babu Yake Wakoli

Watu hudhani daktari wa akili ana kipimo kama cha malaria: tone la damu, jibu hilo hapo. Daktari Jelagat hana. Ni mzaliwa wa Cheptais, amefanya kazi Kitale miaka mingi, na bado akiulizwa kama mtu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia na kuamini yasiyokuwepo, huiweka kalamu chini kwanza. Ukiliandika jina hilo kwa pupa, kijana huenda nalo hadi kaburini. Ukilichelewesha, ugonjwa nao hausubiri.

Asubuhi hiyo mbele yake aliketi Wakoli, mwanachuo wa ualimu kutoka Myanga, upande wa Bungoma. Tangu wamzike babu yake, Wakoli alikuwa akiisikia sauti ya marehemu. Mzee huyo alikuwa msemaji wa matanga, yule ambaye Wabukusu, kabila la huko, humsimamisha na fimbo baada ya maziko, awakumbushe watu ukoo wao na kuwafariji. Kazi hiyo hurithiwa, na mrithi huitwa na wafu. Baba zake wadogo walipanga kumkabidhi fimbo Jumamosi. Mama yake, Edinah, alikuwa amemtorosha, akamleta hapa hospitalini.

"Wanasema ameitwa," Edinah alisema. "Mimi naona kijana yangu anapotea. Daktari, ni ile ugonjwa ama si ile?"

Jelagat si Mbukusu, na hilo lilimtia hofu. Asije akamfanya mgonjwa mtu aliyeitwa kweli, wala asije akamwacha mgonjwa akabidhiwe fimbo. Bangi haikuonekana kwenye mkojo. Kifafa hana. Tena ni wiki chache tu, na majonzi nayo huongea.

"Babu anakuambia nini?" alimuuliza.

"Majina ya ukoo. Mambo ya kuongea kwa matanga."

"Na kingine?"

Wakoli alimtupia mama yake jicho. "Ati nisikule chakula ya mama. Ameweka kitu."

Edinah alishika mdomo. Kumbe ndiyo maana sahani zilikuwa zikirudi zimejaa.

Jelagat aliona mizani ikielemea upande wa ugonjwa, lakini haikutua. "Mama, jina la ugonjwa bado sijui, na sitakudanganya," alisema. "Lakini leo harudi nyumbani. Atalazwa hapa, apate dawa ya kumtuliza, nimwone kila siku. Hao baba wadogo nitawapigia mwenyewe."

Edinah hakubisha. Alifungua mkebe aliobeba kutoka nyumbani, akamega ugali, akautafuna mbele ya mwanawe, akameza.

"Umeona? Sasa kula, baba."

Wakoli hakugusa. Alimkazia macho mama yake, akingoja aanguke.