Mkono wa Mzee Nassor

Aibu hii nimeikalia muda mrefu, na naisimulia leo kwa sababu nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya na wengine.

Mimi ni mchoraji wa picha za kuchapa. Nilianza na bamba la shaba: unalipaka nta, unakwaruza kwa sindano, unalitia tindikali, unapaka wino, unagandamiza karatasi, na picha inatoka imegeuka, kulia kushoto, ndiyo maana zamani nilikuwa nachora huku natazama kioo. Baadaye nikahamia kwenye jiwe, nachora kwanza kwenye karatasi halafu nauhamishia mchoro juu ya jiwe, na kwa njia hiyo picha hugeuka mara mbili ikatoka sawa. Miaka kumi na moja ya jiwe, kioo nikakisahau kabisa.

Basi nikaandaa maonesho pale ukumbi wa Usagara, kazi zangu zote tangu nilipoanza, na ya mwisho nikaamua (uamuzi mdogo tu, jamani) irudi kwenye shaba: Mzee Nassor wa Pangani akila pilau. Mzee huyu ndiye aliyenilisha kila Ijumaa nilipokuwa sina mbele wala nyuma, na mpaka akubali kuchorwa nilimbembeleza mwaka mzima. Nikachapa asubuhi ile ile ya maonesho, nimechoka hoi, nikakagua wino, nikakagua mistari, vyote safi. Mkono sikuutazama.

Mzee akaja na ukoo mzima, kanzu imepigwa pasi, nikafunua shuka. Pale ukutani Mzee Nassor, mtu wa safu ya mbele msikitini, anatia tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo Mzee," nikasema, ingawa tulishaamkiana.

"Wewe umeniona wapi nikila hivyo?" akauliza, taratibu.

Badala ya kuomba radhi nikakimbilia chooni, nikabandua kioo, nikakishika mbele ya picha ili waone mkono ni wa kulia, na watu wakapanga foleni kuchungulia, wanacheka, mimi nimekumbatia kioo cha choo jasho linanitoka.

"Kwa hiyo kila atakayenitazama," Mzee akasema, "aje na kioo chake?"

Akaondoka, ukoo nyuma yake. Niliumia sana.

Ijumaa nikaenda Pangani kuomba radhi. Akanisikiliza, akasema yamekwisha. Sinia likaja, wote wakanawa, mimi nikaletewa kijiko.

"Usije ukakosea mkono," Mzee akasema.

Nikala kwa kijiko, peke yangu kati ya watu tisa, na tangu siku hiyo situndiki picha ya mtu kabla mwenyewe hajaiona nakala ya kwanza.