Visahani vya Bi Dobi

Bi Dobi alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka mvi zikamwingia, na chumba alichofulia hakikuwa na dirisha hata moja. Kulikuwa na makaro ya saruji, mabomba ya maji moto, na mvuke mzito kiasi kwamba mwenzako aliyesimama kando ulimtambua kwa kikohozi chake tu. Kwa hiyo siku ya kustaafu, wenzake walipomuuliza sasa atafanya nini, hakuhitaji kufikiri. Akawaambia anakwenda kutazama majani.

Wakacheka, lakini ndivyo alivyofanya. Nyuma ya mtaa wao kuna korongo lenye kijito chembamba, mahali ambapo watu huenda tu wakipotelewa na mbuzi. Bi Dobi akawa anakwenda huko asubuhi na kigoda chake, anakaa, anatazama. Mumewe, ambaye ni fundi mwashi, alidhani mkewe ameanza kuumwa. Lakini mtu aliyeishi na maji umri wake wote hatazami kijito kama mimi na wewe. Aliona maji hayana haraka. Yakikuta jiwe huzunguka, yakikuta kishimo hupumzika, na pale yanapopumzika ndipo magimbi yanapotoa majani mapana kama sinia. Aliona majani makavu yakijikusanya kwenye mawe, na udongo wa chini yake ukawa baridi hata jua likiwa la kubabua. Aliona mshubiri umejikalia juu penye ukavu, hauombi kitu kwa mtu, na nyasi ndefu zikiifunika mimea midogo kwa kivuli chake.

Yote hayo akayabeba kichwani mpaka uani kwake. Ua wenyewe ulikuwa mgumu kama sakafu, umejaa matofali yaliyovunjika ya mumewe. Akaufinyanga kwa jembe dogo: mwinuko hapa, mteremko pale, na vishimo vya duara vilivyozungushiwa mawe, alivyoviita visahani, vikifuatana kutoka karo la kufulia mpaka ukutani. Akimwaga maji ya kusuuzia, yanashuka yenyewe, yanajaza kisahani cha kwanza, yanafurika kwenda cha pili. Ndoo hakubeba. Akapanda mchaichai, rehani, magimbi, na kule mwisho ukutani asumini moja, aliyoipenda kama kitinda mimba.

Wifi yake, dada wa fundi, anakaa nyumba ya pili na mdomo wake haujawahi kuwa na kufuli. Alikuja, akachungulia, akasema ameona mengi duniani lakini bustani iliyougua ndui ndiyo kwanza anaiona. Bi Dobi akamwambia hata wenye ndui huolewa, kaka yako ni shahidi, alinichukua na makovu yangu. Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kiangazi kilipoanza kukaza, binti yao akajifungua katika mji mwingine, na Bi Dobi akafunga mzigo kwenda kumhudumia. Mlangoni alimwachia mumewe neno.

"Maji ya kusuuzia yamwage palepale karoni, baba. Mengine yatajipeleka. Bustani hii ikifa, magoti haya hayatachimba nyingine."

Fundi akaitikia kwa moyo safi. Na kwa moyo huohuo safi akaharibu. Tatizo ni jicho. Jicho la mwashi halivumilii kitu kilichopinda. Huyu bwana hunyoosha hata mkeka wa mwenyeji kabla ya kuukalia. Kila jioni aliutazama ule ua, akamwonea mkewe huruma: maskini, amechimba, amechoka, hakumaliza. Ngoja nimmalizie. Akafukia visahani vyote. Mawe akayapanga mstari mmoja kwa kamba. Akaweka pima maji, ile rula ya fundi yenye povu, akasawazisha mpaka povu likatulia katikati kila upande. Mmea hata mmoja hakuung'oa. Aliushindilia kila mmoja udongo shinani kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Bi Dobi aliporudi alimkuta mumewe mlangoni anatabasamu kama mtu aliyefanya kazi asiyotumwa. Akatazama. Karibu na karo maji yalikuwa yamesimama, yamevunda. Kule mbali udongo umepasuka, magimbi yamelala chini, asumini imekunja majani. Hakufoka. Alitua mzigo, akampa pole ya kazi, akaingia ndani kuvua viatu, kisha akakaa na kiatu kimoja mkononi, hakivui cha pili.

Fundi alisimama kizingitini akauliza amekosea wapi. Wifi ndiye aliyejibu kutoka uani: wahenga walisema penye miti hapana wajenzi, hapa mjenzi tunaye, ila miti ndiyo inakwenda zake.

Asubuhi Bi Dobi alichukua vigoda viwili, akampeleka mumewe korongoni, wakakaa. Mwanzoni fundi alikuwa akitafuta kwa macho cha kunyoosha. Halafu jani kavu likaanguka kijitoni naye akalifuata kwa macho: likazunguka jiwe, likaingia kishimoni, likakaa pamoja na mengine.

"Hapa hakuna kilichonyooka hata kimoja," akasema.

"Wala kilichokauka," akajibu mkewe.

Wakarudi, wakaanza upya, na mara hii magoti yalikuwa manne. Fundi alichimba, mkewe akaelekeza. Kila jiwe alilolitua kwa mkono wake lilikwenda lenyewe kwenye mstari, akaling'oa tena huku akijilaani. Akalalamika kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na yeye amekwisha kukaushwa na kutiwa chumvi.

"Basi tutakuloweka kwanza," akasema Bi Dobi.

Kiangazi hakikuwahurumia. Nyua za jirani ziligeuka vumbi. Magimbi ndiyo yaliyoinuka kwanza, kisha mchaichai, lakini asumini ilipukutisha majani yote ikabaki kijiti, na fundi akawa hanywi chai kabla hajaenda kukitazama.

Siku moja alikuwa anamalizia ukingo wa kisahani cha mwisho. Kwa mazoea akaweka pima maji juu yake. Povu likakimbilia pembeni, likaganda huko. Akalitazama, akairudisha rula mkobani. Mkewe akamwaga beseni karoni. Maji yakashuka, yakatulia, yakafurika, yakafika mpaka ukutani, na wote wawili wakainama. Kwenye kifundo cha kile kijiti kulikuwa na kitu kijani, kidogo kama punje ya mtama.

Bi Dobi alimfuta mumewe udongo shavuni kwa pindo la kanga yake, kama anayeondoa doa.

Juu ya ukuta kikachomoza kichwa cha wifi. Akamuuliza kaka yake kama kesho ana nafasi, aje uani kwake na jembe; naye anataka ndui.