Mamba wa Bi Kurasa

Mimi ni mpishi wa chekechea, na mambo ya hisia siyajui. Mtoto akilia nampa kipande cha mkate, basi, yameisha. Ndiyo maana siku zote nabishana na Bi Kurasa, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye darasa lake limepakana na jiko langu na kati yetu pana kidirisha.

Jina hilo tumempa sisi. Darasani kwake hakuna rafu, kwa hiyo vitabu vya hadithi kavitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, utadhani kaanika. Kila asubuhi kabla watoto hawajafika, husimama mbele ya kioo akafanya mazoezi ya uso: hasira, wivu, hofu, aibu, furaha. Siku moja mleta gesi alifungua mlango akakutana na ile hasira. Alitua mtungi palepale akageuza.

"Mtoto atasemaje ana wivu kama hajui wivu ni nini?" ananiambia.

"Mpe mkate," namjibu.

Mwaka huu tukaletewa Meno. Ana miaka minne, mashavu ya kubusu, na anauma. Ukimnyang'anya toroli, meno. Ukikalia kiti chake, meno. Ukimuuliza anajisikiaje, anapandisha mabega tu. Wazazi wakaja juu, na mwalimu mkuu akakata shauri: akiuma mtoto mmoja zaidi, anarudi nyumbani. Nyumbani kwa nani, sasa? Mama yake anafanya usafi hospitalini, yuko peke yake na huyo mtoto, hana ndugu wala jirani wa kumwachia. Meno akifukuzwa, na kazi ya mama imekwenda.

Basi Bi Kurasa akatafuta kitabu. Kilikuwa cha mamba aliyeuma rafiki zake mpaka wote wakamkimbia, akabaki mtoni peke yake analia. Alikisoma kwa roho yake yote. Alitambaa sakafuni na gauni lake, akakenua, akanguruma, akauma mto wa kukalia. Nilichungulia na mwiko mkononi mpaka chai ikanifurikia.

"Haya wanangu," akauliza kwa sauti ya huzuni, "mamba anajisikiaje?"

"Raha!" wakajibu wote.

"Jamani, si analia!"

"Rudia pale anapouma!"

"Hongera, mwalimu," nikamwambia. Akanifungia kidirisha.

Kesho yake, balaa. Nilisikia vilio nikaingia mbio, lo! Darasa zima limegeuka mto wa mamba. Watoto wanatambaa kwa matumbo chini ya meza na kung'atana. Mmoja alinidaka shavu la mguu, nikapiga ukelele wa aibu. Binti wa fundi cherehani, yule mpole ambaye akigonga kiti hukiomba radhi, alikuwa amening'inia kwenye sketi ya Bi Kurasa kwa meno.

"Meno yuko wapi?" Bi Kurasa akauliza, na safari hii hofu ya usoni haikuwa ya mazoezi.

Alikuwa juu ya meza. Amekunja miguu, kamasi zinamtoka, alama za meno mkononi. Bi Kurasa, na mwili wake mkubwa ule, akapanda mezani akakaa naye.

"Unajisikiaje, mwanangu?"

Mabega hayakupanda. "Naogopa," akasema. Kisha akamtazama binti wa fundi, ambaye Meno mwenyewe alimuuma juzi. "Na yeye aliogopa?"

"Muulize."

Akamuuliza. Binti akaachia sketi, akafikiri. "Sana," akasema. "Nilijikojolea."

Meno akalia upya, kilio kingine kabisa.

Mwalimu mkuu akaingia. "Nani kauma?"

Mikono ikapanda juu, yote, kwa majivuno. Wa Meno ulibaki chini. Mkuu akaitazama mikono, akamtazama Meno. Angefukuza darasa zima? "Hicho kitabu kiondoke," akasema. "Mtoto abaki."

Jioni mama yake Meno akaja na sare yake ya kazi. Kama kawaida, alianza kuomba msamaha hata mlango hajaufikia.

"Nisameheni jamani, leo kamuuma nani?"

Nilitaka kumwonyesha mguu wangu, lakini Meno akanitangulia.

"Mama, leo niliogopa."

Yule mama akasimama. Hajawahi kuambiwa kitu na mwanawe zaidi ya "nataka" na "sitaki". Akachuchumaa, akamfuta kamasi kwa ncha ya sare.

"Hata mimi, baba," akasema taratibu. "Kila siku nikifika kwenye geti hili naogopa."

Meno akamshika mkono.

"Usiogope, mama. Mamba wote wameshaenda kwao."