Cheti Kimoja, Wanaume Saba

Nimeishi na mume wangu miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo sijadharau kitu kama ninavyokidharau kijiwe chake. Ni mabenchi mawili na birika la kahawa mbele ya duka lake la vipuri vya cherehani, pale Tandale, na wanaume saba ambao kila alasiri hukaa wakaitawala dunia. Wanajua nani atashinda uchaguzi katika nchi ambazo hawajawahi kufika. Wanajua kocha gani hafai na kwa nini. Ila mwambie mmoja wao aende akapime presha, atakwambia hana nafasi.

Basi wanaume hawa, mmoja baada ya mwingine, nguvu za kiume zikaanza kuwapungukia. Si ajabu. Wote wameshavuka hamsini na baadhi yao wana sukari. Wangekuwa wanawake wangekwenda hospitali, wakapanga foleni, wakaeleza, wakarudi na dawa. Sisi tumezaa huku wanafunzi wa udaktari wametuzunguka na madaftari, hatuna tena cha kuficha. Wao walifanya kikao, wakamteua mmoja wao, karani, awawakilishe.

Huyu karani ni mstaafu, mtu wa bara, mpole, na walimchagua kwa sababu hapa mjini hana ukoo wa kumcheka. Akaenda kwa daktari peke yake. Akapimwa presha, akasikilizwa moyo, akaulizwa anatumia dawa gani nyingine, akajibu kweli kwamba hatumii yoyote. Akaandikiwa cheti cha dawa. Akarudi na vidonge kijiweni, akavikata kwa wembe juu ya gazeti, kila mtu akapewa nusu yake akaitia mfukoni. Vikiisha, karani yuleyule anarudi duka la dawa na cheti chake. Moyo uliopimwa ulikuwa mmoja, mioyo iliyokuwa ikimeza ilikuwa saba.

Na kati ya hiyo saba, wa mume wangu ni mgonjwa. Miaka miwili kabla, kifua kilimbana akipanda ngazi za nyumba ya mdogo wake, tukaambiwa mishipa ya moyo imekuwa myembamba. Akapewa dawa za kila siku, pamoja na kichupa cha vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi pale kifua kinapobana. Kichupa nilikiweka mimi, kwenye kabati la vyombo, maana yeye hajui hata kiberiti kinakaa wapi.

Nimpe karani haki yake: onyo alilifikisha. Daktari alimwambia, na muuza dawa akarudia, kwamba anayetumia dawa ya moyo ya chini ya ulimi asiguse kabisa kidonge hiki, kwa sababu zikikutana mwilini presha huporomoka na mtu anaweza kufa. Karani akawatangazia wote. Mume wangu akasikia, akachukua nusu yake. Baadaye nilikuja kuambiwa jinsi alivyofikiri: siku atakayomeza hiki, kile hatakigusa. Utadhani kifua hubana kwa ratiba. Mtu mzima, anayeagiza vipuri kutoka nje ya nchi bila kukosea namba hata moja, alikaa akafikiri, akatoka na hilo.

Ilikuwa Ijumaa. Tulikula, wajukuu wakachukuliwa na mama yao, nyumba yetu ya Mwananyamala ikatulia. Nilikuwa naosha vyombo niliposikia kiti kimesukumwa sebuleni. Nikamkuta ameinama, mkono kifuani, kanzu imelowa jasho. Huku nafungua kabati nikampigia simu karani, maana kijiweni ndiye pekee mwenye gari linalowaka. Nikatoa kidonge, nikarudi mbio.

"Fungua mdomo."

Akatikisa kichwa.

"Mzee, fungua mdomo."

Akakaza meno. Nikamshika kidevu kama ninavyowashika wajukuu wanapokataa dawa ya kikohozi. Akageuzia uso ukutani. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nikamuuliza kama anataka kufa, akazidi kukaza meno. Niliogopa, na wakati huohuo nilimchukia kwa ukaidi wake. Nikajaribu tena, na tena, nikipenyeza kidole kwenye pembe ya mdomo wake.

Karani akaingia na viatu vyake mpaka kwenye zulia. Akaona nilichoshika, akasimama.

"Shemeji, hicho usimpe."

"Kwa nini?"

"Naomba tuongee pembeni kidogo."

Pembeni! Mwenzake anahangaika na pumzi, yeye anataka pembeni.

"Sema hapahapa."

"Ni mambo ya kiume, shemeji."

"Basi namtilia mdomoni sasa hivi." Nikainua mkono.

Ndipo alipolitoa neno lenyewe, akiliambia zulia. "Amemeza kile kidonge. Cha nguvu. Nimempa mwenyewe leo asubuhi."

Nikakitazama kidonge kilichokuwa kiganjani mwangu. Nusura nimuue mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe, tena nikisema bismillahi. Na yeye alijua. Alijua kwa nini anakaza meno, na maneno matatu tu yangemtosha, "nimemeza kile kidonge," lakini aliona afadhali apigane na kidole changu mpaka pumzi ya mwisho, mradi mkewe asijue.

Tulipofika hospitali kijiwe kizima kilikuwa kimeshajaa kwenye korido, maana hao kwa kupeana habari hawana mpinzani. Muuguzi, binti mdogo, akauliza mgonjwa ametumia dawa gani leo. Swali likapita kwa wanaume sita, na wote sita wakaanza kukagua viatu vyao.

Nikasema mimi, na sikupunguza sauti. "Amemeza nusu ya kidonge cha nguvu za kiume, leo, cha cheti cha mtu mwingine. Ana ugonjwa wa moyo. Ya chini ya ulimi hajapewa, na msimpe. Karani, toa hilo karatasi la vidonge wasome jina."

Yule binti hakucheka. Aliandika, akakimbia kumwita daktari, na akipita akaniambia, "Umefanya vizuri kusema, mama." Mmoja wa wanaume wale akaninong'oneza kwamba ningesema polepole, watu wanasikia. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umemeza lini? Akakumbuka ghafla kwamba anakwenda kununua maji.

Mume wangu alipona. Siku ya tatu daktari, mwanamama wa makamo, akavuta kiti karibu na kitanda, akamuuliza tatizo hilo la nguvu limeanza lini. Mume wangu akautazama ukuta.

"Mwaka na miezi minne," nikasema.

Akageuka kunitazama. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Kwani mie nalala wapi?"

Daktari akamweleza kwa utaratibu. Kwamba tatizo hilo wakati mwingine linatokana na moyo na mishipa yenyewe. Kwamba huenda pia ni mojawapo ya dawa zake za presha, nayo inaweza kubadilishwa, ila asiiache mwenyewe. Kwamba kwa mtu wa hali yake zipo njia nyingine, lakini aje yeye na mwili wake, na kila anachomeza akilete kwenye mfuko, mpaka dawa ya kienyeji na unga wa mizizi. Na zile dawa mbili zisikutane kamwe. Maelezo yote hayo hayakuchukua dakika kumi. Mwaka na miezi minne ya wembe na gazeti, kwa kukwepa dakika kumi.

Tulirudi nyumbani ndani ya gari la karani, yeye amekodoa macho barabarani utadhani amezaliwa kiziwi. Mimi na mume wangu tulikaa nyuma. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, mengi, na hayakuwa mazuri. Akanitangulia.

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema.

"Mie sikukuomba."

"Hukuniambia pia kwamba huhitaji."

Mwaka na miezi minne nilikuwa nalala nikimpa mgongo, makusudi, ili asione haya. Niliona ni hisani namtendea. Kumbe kila usiku yeye alikuwa anautazama ule mgongo na kuusoma vingine, kama lawama, na asubuhi anakwenda kwa karani kuchukua nusu yake. Maneno niliyoyaandaa nikayaacha, nikamgeukia.