Nishani ya Babu wa Ghorofa ya Chini

Kila ninapofungua kopo la maganda ya machungwa yaliyokaushwa, ile harufu yake kali na tamu hunirudisha Guangzhou, chumbani kwa mzee jirani yetu wa ghorofa ya chini. Mama alikuwa akinunua suruali za jinzi Xintang na kuzisafirisha Unguja. Akishinda viwandani Xintang, mimi niliachwa kwa mzee huyo. Nilimwita Babu, kwa lugha ya kwao.

Siku yangu ya kwanza ya shule niligoma. Mtaa mzima hapakuwa na mtoto mwingine mweusi, na niliogopa kuchekwa. Babu hakunikemea. Alitoa kabatini nishani aliyopewa ujanani, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nzito na ya baridi.

"Walinipa kwa ushujaa," alisema. "Nilimbeba mwenzangu aliyejeruhiwa tukavuka mto, risasi zikitupita."

"Hukuogopa?"

"Nililia njia nzima. Yeye majeruhi ndiye aliyekuwa akinibembeleza."

Nilicheka mpaka nikasahau kugoma. Akanishika mkono kwa vidole vyake vitatu vilivyobaki, tukaenda. Langoni nilimuuliza atanifuata saa ngapi.

"Siendi popote," akasema.

Nilidhani ni maneno ya kumtuliza mtoto. Mchana tulipotoka, mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Babu alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, shati limemganda mwilini, akiwauliza watoto waliotangulia kutoka kama wamemwona mjukuu wake.