Farasi, Kibao na Mtani Wetu

Kibao alikiandika baba mwenyewe, kwa rangi nyekundu, kwenye kipande cha bati: USIINGIE. FARASI ANAPIGA TEKE. Alikifunga kwa waya kwenye geti la uzio wa farasi, ubavuni mwa nyumba yetu kule Kihonda, baada ya nyumba kuongezeka na watu kuanza kukatisha kwenye kiwanja chetu kana kwamba ni barabara ya serikali. Wote walikiheshimu isipokuwa mtu mmoja, naye alikuwa mtani wetu.

"Kibao hicho ni cha watu," alikuwa akisema huku anafungua kamba ya geti. "Mimi hapa si mtu, mimi ni bwana wenu. Watumwa wangu wako wapi?"

Sisi ni Wanyamwezi. Yeye alikuwa Mluguru wa juu kabisa milimani, mkulima wa karoti na njegere, Mkatoliki wa kutembea na rozari mpaka sokoni. Utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara, na asiyeujua akiusikia hudhani watu wanataka kuuana. Kila akiteremka na mzigo wake, akishauza, lazima apite kwetu, na akipita haombi, anachukua. Aliwahi kuondoka na sufuria ikiwa na mboga ndani. Baba naye akipanda kwake alirudi na kuku kwapani, anacheka njia nzima. Na mimi, nikishampa mzee huyo wa mlimani shikamoo yake, nilikuwa huru kumwambia usoni kwamba anafanana na kiazi kilichosahauliwa ghalani.

Farasi alikuja kwetu kwa njia yake. Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la mgeni mmoja chini ya mlima. Mgeni alipofunga virago kurudi kwao, wenzake baba walipewa kiinua mgongo cha fedha, baba akapewa farasi jike wa kahawia, na hakulalamika hata kidogo. Mimi nauza dawa za mifugo mjini, kwa hiyo najua mnyama mwenye hasira nikimwona. Huyu alikuwa na hasira na dunia nzima, isipokuwa baba.

Baba alipofariki, kaka yangu alikuja kutoka Dar es Salaam, ndugu wakaja kutoka Tabora, na mtani akateremka mlima akiwa ameshaanza kututukana tangu barabarani. Nilifurahi kumsikia. Msiba usio na mtani unakaba koo. Kazi yake ni kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama marehemu, kukohoa kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke wakiwa bado wanalia. Hakuna anayemwalika, na hakuna anayemzuia.

Siku ya kuondoa tanga akatoka chumbani mwa baba akiwa amevaa koti lake, kofia yake na buti zake. Mikono nyuma, kidevu juu. Akawakagua kina mama waliokuwa wanaosha vyombo kama baba alivyokuwa akitukagua sisi. Akaenda mpaka getini, akasoma kibao kwa sauti ya baba, herufi kwa herufi, akatugombeza kwa kutokijali, halafu akafungua kamba akaingia. Tulikuwa hoi kwa kicheko. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote.

Farasi alisimamisha masikio. Akamjia polepole, akainusa mikono ya lile koti, akatulia. Hapo kicheko kilinikwama. Mzee alipanda juu ya hori la majani, na kutoka pale akajitupa mgongoni kwa farasi bila tandiko wala hatamu, akakaa wima kabisa kama baba, akavua kofia akatupungia.

Kina mama wakapiga vigelegele.

Farasi aliruka miguu ya mbele juu. Nilisikia kitu kikivunjika, nikaomba kiwe nguzo ya uzio. Haikuwa nguzo. Mzee alikuwa chini ya farasi, kofia ya baba bado mkononi, na hakuwa na tusi lolote la kututukana.

Ilikuwa nyonga. Hospitali walisema mifupa ya umri ule hushika kwa shida, na kwamba huenda asitembee tena. Jioni ile ile mwanawe akaja nyumbani. Ni mtu mzima, ana familia yake mjini, na amekulia mbali na mambo ya mlimani. Alinionyesha simu. Kuna mtu alirekodi yote: koti, kamba inafunguliwa, mimi nimejishika mbavu.

"Dada, utani wenu mimi siujui," alisema. "Ninachojua, baba yangu amevunjwa na mnyama wako, kwenye kiwanja chako, na wewe uko humu unacheka. Tunaanza kwa mtendaji wa kata. Tukishindwana, mahakamani."

Nilitaka kumjibu kwa ukali, ndivyo nilivyo, lakini nilikifikiria kiwanja. Ukimwacha farasi, ndicho kitu pekee baba alichotuachia.

Kaka alimpigia simu rafiki yake wakili, kisha akanikalisha chini. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Mwenye mnyama anawajibika zaidi anapojua mnyama wake ni mkali, na sisi tulijua mpaka tukaandika kibao. Kama mzee alikuwa mgeni wetu, mzigo wote ni wetu. Lakini kama aliingia bila ruhusa, akapita kibao, akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, basi ni mvamizi, na mvamizi hadai kirahisi.

"Video inaonyesha wazi alifungua mwenyewe," alisema kaka. "Utakachoulizwa ni kama ulimruhusu. Sema hukumruhusu. Si uongo. Kwani ulimruhusu?"

Sikumruhusu. Hilo ndilo lililonichoma. Neno lilikuwa la kweli na lilikuwa limeoza. Baba angefufuka kwa hasira kusikia mtani wake anaitwa mvamizi, tena siku ambayo alikuwa anamuaga kwa heshima zote. Lakini baba asingekuwepo kulipa, na kaka alikuwa na watoto wa kusomesha na hofu machoni.

Kabla ya kwenda kwa mtendaji nilipita hospitali. Nilisimama mlangoni mwa wodi muda mrefu, naogopa. Alikuwa amelala chali, mguu umefungwa uzito, amekuwa mdogo kitandani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mtumwa. Umemwona baba yako? Kafa, lakini kanirusha."

Nikacheka kidogo, kwa adabu ya utani. Alikuwa ameshasikia habari za mwanawe na mtendaji, akaniambia nisijisumbue. "Sema nimeiba. Mwizi wa farasi! Hakuna mwingine milima yote ile." Halafu akageuza uso kwenye dirisha. Milima ya Uluguru ilikuwa inaonekana, mawingu yamekaa katikati.

"Ila mlima, mwanangu," alisema. "Mlima nitaupandaje?"

Maisha yangu yote hakuwahi kuniita mwanangu. Nilikuwa nimezoea kuitwa mtumwa. Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Ofisi ya mtendaji ilikuwa ndogo, na joto la Kihonda lilikuwa limeingia lote. Mwana wa mzee alikaa upande mmoja, mimi na kaka upande mwingine. Mtendaji aliangalia video, akaiangalia tena. Akasema yeye si hakimu, lakini akitusikiliza vizuri huenda tusihitaji hakimu. Kisha akanigeukia.

"Mama, huyu mzee aliingia kwa ruhusa yako, au bila ruhusa?"

Kaka alikohoa. Mwana wa mzee aliinama mbele. Nilikuwa naisikia feni ikigonga kitu kila ikizunguka, na nilikuwa na hasira na watu wote waliokuwa mle ndani, mimi mwenyewe nikiwemo.

"Hakuomba ruhusa," nilisema.

Kaka akashusha pumzi.

"Hajawahi kuomba hata siku moja," nikaendelea. "Wala hakutakiwa kuomba. Yule ni mtani wetu. Kibao kile hakikuwa chake, na baba alilijua hilo kuliko sisi. Aliingia kwake. Andika hivyo."

Kaka aliweka kichwa mikononi. Hatukuzungumza vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo, na simlaumu. Tulimalizana pale pale bila mahakama: matibabu yakawa juu yangu. Farasi nilimuuza kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, aliyekuwa akimtamani kwa ajili ya wajukuu. Sikumficha. Nilimweleza yote, na nikampa kile kibao pamoja na mnyama. Kiwanja tulibaki nacho, na siku farasi anatolewa nililia kuliko nilivyolia makaburini.

Mtani alipona nusu. Alitembea kwa fimbo, anachechemea, na baada ya kupandishwa mlimani kwake kwa pikipiki na mabega ya watu hakuteremka tena. Basi nikawa mimi ndiye ninayepanda. Sikupiga hodi. Niliingia, nikamwambia amekonda kama fito, nikang'oa karoti zake mbele ya macho yake, nikaondoka. Mwanawe nikimkuta alinisalimia kwa heshima na baridi. Alikuwa amemjengea baba yake uzio mpya wa mbao wenye geti la bati.

Mvua za masika zilizofuata, mzee alifariki.

Nilipanda na utelezi, naanguka na kuinuka. Watu walikuwa wamejaa uani, kimya. Mwanawe alikuwa amesimama getini, mkono mmoja umeshika nguzo. Hakuniambia karibu. Hakuniambia rudi. Ningeweza kuomba, na nadhani angenikubalia, lakini kuomba kungekuwa sawa na kulisema lile neno la kaka, mvamizi, mbele ya maiti. Nikainama, nikapita chini ya mkono wake.

Chumbani mwa mzee nilikuta koti lake kwenye msumari na fimbo yake pembeni ya kitanda. Nilivaa koti. Lilikuwa na harufu ya moshi na udongo. Hapo ndipo nilipotambua kazi iliyokuwa mbele yangu. Nitamwigizaje bila kuchechemea? Na kuchechemea kule alikupata kwetu, na yule anayejua hilo kuliko wote amesimama getini.

Nikatoka, naburuta mguu.

"Watumwa wangu wako wapi?" nilisema, kwa sauti yake.

Hakuna aliyecheka. Kina mama wote walimwangalia mwanawe. Nilipiga hatua moja, nyingine, mpaka nikawa mbele yake. Alinitazama juu mpaka chini, koti, fimbo, mguu.

"Dada," alisema, na sauti yake haikuwa sawa. "Si huo. Alikuwa anaburuta wa kulia."

Nikabadilisha mguu, nikarudi mlangoni, nikaanza upya.